Injini ya mbio isiyovunja sheria: somo la vipimo kutoka Kawangware na Kibera

Simu iliingia Jumapili baada ya alasiri. Alikuwa mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 23 aliyetoka Mombasa kwenda Nairobi kutafuta riziki, na sasa ni fundi wa magari huko Kawangware. Hakunisalimu vizuri. "Mjomba, wametutoa," alisema.

Gari lao lilikuwa limemaliza la pili katika daraja lake kwenye otokrosi, zile mbio za njia fupi ya vumbi ambapo gari moja moja hushindana na saa. Daraja hilo lilikuwa na sharti moja kubwa: injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Baada ya mbio wakaguzi waliifungua injini, wakapima unene wa silinda hedi, wakakuta umepungua kuliko kipimo cha kiwanda kwa sehemu tatu za kumi za milimita. Huo ni unene wa karatasi tatu za daftari ukizibana pamoja. Kwa karatasi hizo tatu matokeo yao yakafutwa.

Lililoniuma mimi si mbio. Dada yangu alikuwa ameuza bangili zake mbili za dhahabu ili mwanawe apate fungu la kuingia ubia wa gari lile na wenzake wawili. Lililomuuma kijana ni neno lililoanza kumfuata gereji: mwizi. Wallahi hakuiba. Hakupima tu. Lakini mbele ya mkaguzi, asiyepima na aliyeiba hawana tofauti. Wote wawili hedi zao ni nyembamba.

Wiki chache baadaye nilikuwa na shughuli zangu Nairobi, nikapita kumuona. Nilidhani nitakaa nusu saa. Nilikaa siku mbili, nimechuchumaa juu ya debe, nikiwatazama wakijenga injini ile upya. Niliyojifunza naona yatawafaa wengi wetu huku Pwani, maana vijana wetu wa Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu wanaingia ufundi kila siku, na sisi wenyewe tunawapa mafundi injini zetu bila kuuliza swali hata moja.

Mitaa miwili, injini moja

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Kawangware iko kaskazini ya Barabara ya Ngong, na wasafiri wa Nairobi wanaijua kwa matatu za namba 46. Kibera iko kusini ya barabara hiyo. Upande huohuo wa kusini kuna viwanja vya Jamhuri Park, vya maonyesho ya kilimo na biashara, ambako kwa miaka mingi pikipiki za mbio zimetimua vumbi na watoto wa mitaa ya karibu wakasikia ngurumo zake.

Mmoja wa wabia wa mpwa wangu ni kijana wa Kinubi kutoka Makina, Kibera. Wasomaji wengi wanajua kwamba Kibera ilianza na wazee hao: askari wa Kinubi walioitumikia King's African Rifles, waliowekwa pale na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, nao wakapaita Kibra kwa lugha yao, yaani msituni. Kijana huyo ni hodari wa kufunga na kufungua gia. Mpwa wangu ni wa injini. Wa tatu, mwenye gereji Kawangware, ni mtu mzima aliyezoea injini za matatu. Gereji yenyewe ni mabati matatu na sakafu ya udongo ulioshiba mafuta.

Nimetaja hali hiyo kwa makusudi. Watu wengi wanaamini injini ya mbio hujengwa kwenye maabara ya Wazungu na Wajapani. Injini inayoruhusiwa na sheria za daraja la kiwanda inaweza kujengwa chini ya mabati. Inachohitaji zaidi ni subira, vifaa vichache vya kupimia, na kitabu cha kiwanda.

Sheria inataka nini hasa

Wazo la kushindana kwa magari ya kawaida si geni kwetu. Mashindano tunayoyaita leo Safari Rally yalianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Wakati huo magari yaligawanywa madaraja kwa bei yake dukani wala si kwa ukubwa wa injini. Aliyekuwa na gari la bei ya chini alishindana na wenzake wa bei ya chini.

Tangu 1982 shirika la kimataifa la mbio za magari, FIA, likawa na daraja lililoitwa Kundi N. Gari la Kundi N lilipaswa kuwa karibu kabisa na lile linalouzwa dukani, na kiwanda kilitakiwa kiwe kimetengeneza maelfu ya magari ya aina hiyo. Kiwanda kilijaza fomu ndefu yenye vipimo, uzito na picha za vipuri. Mkaguzi alipolifungua gari baada ya mbio, aliweka fomu ile mezani akalinganisha kipuri kwa kipuri. Klabu nyingi za mbio duniani zina madaraja yao madogo yanayofuata wazo hilohilo.

Daraja la namna hii kwa kawaida linakataza mambo yanayojulikana: kuweka kemshafti kali kuliko ya kiwanda, kusugua na kupanua njia za hewa ndani ya hedi, kuongeza ukubwa wa silinda kupita ovasaizi iliyoruhusiwa, kubadilisha kabureta, kuweka pistoni za aina nyingine. Wakaguzi wanaweza kutia lakiri kwenye injini kabla ya mbio, na baada ya mbio magari huwekwa kwenye uwanja uliofungwa ambako hata mwenye gari haruhusiwi kugusa boneti.

Msomaji atauliza: ikiwa yote hayo yamekatazwa, fundi amebakiwa na nini cha kufanya? Swali hilo ndilo nililomuuliza mpwa wangu. Akacheka, akanionyesha kitabu cha injini kilichochapishwa upya kwa fotokopi, kurasa zake zimejaa alama za vidole vyeusi.

Kiwanda hutoa nafasi

Ukimpa fundi cherehani kanzu kumi za saizi moja azishone, ukizipanga utaona mikono haikulingana sawasawa. Hii imezidi upana wa uzi, ile imepungua. Zote ni saizi moja na zote zinauzika. Kiwanda cha injini ni vilevile. Hakiwezi kukata vipuri milioni moja vikawa sawa kabisa, kwa hiyo kwa kila kipimo kinaandika mipaka miwili: kisipungue hapa, kisizidi hapa.

Tuchukue mfano. Tuseme kitabu kinataka nafasi baina ya pistoni na ukuta wa silinda iwe kati ya milimita 0.03 na 0.05. Injini yenye 0.03 ni halali. Yenye 0.05 ni halali. Fundi wa mbio atachagua ukingo wa 0.05, kwa sababu injini ya mbio huchemka zaidi, pistoni hutanuka, na ikikosa nafasi hung'ang'ania ukutani. Mwenye gari la kwenda sokoni atafurahia ukingo mwingine, injini isipige kelele.

Sasa fikiria mipaka ya namna hiyo iko kwenye kila kipimo: uzito wa pistoni, ujazo wa chemba ya moto, pengo la ringi, nafasi ya beringi, nafasi ya valvu, nyuzi za kemshafti. Injini iliyotoka kiwandani imeangukia popote ndani ya mipaka hiyo, hapa vizuri, pale vibaya, kwa bahati tu. Kazi ya fundi ni kuiondoa bahati. Anachukua kipimo kimoja kimoja, anakisogeza hadi upande unaomfaa, na anasimama kabla ya mpaka. Anapomaliza, injini yake haina kitu kisichokuwa cha kiwanda. Imekuwa ile injini ambayo kiwanda kiliiandika kitabuni.

Asitarajie mtu miujiza. Nguvu inayopatikana si ya kumtupa dereva nyuma ya kiti. Lakini katika daraja ambalo magari yote yamefanana, sekunde moja inatosha kuwatenga wa kwanza na wa tano.

Kosa lilifanyika wapi

Hapo nikamuuliza mpwa wangu swali gumu: mbona basi hedi yenu ilikuwa nyembamba?

Akaniambia ukweli. Waliinunua injini ikiwa mtumba, kama injini nyingi zinavyokuja kutoka ng'ambo. Walitaka kupandisha mgandamizo, yaani kupunguza ile nafasi ndogo ambamo mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa kabla ya kuwaka. Njia ya kawaida ni kuskimu hedi, kukata utando mwembamba wa chuma upande wa chini. Waliipeleka hedi kwenye mashine moja ya kukatia, na walipoulizwa wakate kiasi gani, wakajibu kwa namba waliyosikia kwa mwenzao aliyewahi kufanya hivyo. Mwenye mashine akakata.

Hakuna aliyeipima hedi kabla. Pengine huko ilikotoka injini iliwahi kuchemka, hedi ikapinda, na fundi wa huko akaikata kuinyoosha. Kwa hivyo walikata juu ya iliyokwisha kukatwa. Namba ya mwenzao ilikuwa sahihi kwa hedi ya mwenzao. Kwao ilikuwa haramu.

Simlaumu mwenye mashine, alikata alichoambiwa. Lakini tunajifunza kwamba ufundi wa kusikia si ufundi. Mtu akikuambia "sote tunakata hivyo", muulize: mlianza na ngapi?

Bomba la sindano na mafuta ya taa

Safari hii walianza upya. Walikwenda Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kutafuta hedi nyingine. Mpwa wangu alikwenda na vania mfukoni. Alipima unene wa kila hedi kabla ya kuuliza bei. Muuzaji mmoja alimkasirikia: "Wewe umekuja kununua ama umekuja kukagua?" Hedi nne zilikataliwa. Ya tano ilikuwa na unene wake kamili.

Kisha wakapima ujazo wa chemba. Nilitarajia kuona chombo cha ajabu. Mpwa wangu alitoa bomba la sindano la kawaida, lile linalouzwa duka la dawa, na kipande cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga chenye tundu moja dogo. Aliipindua hedi, akafunga valvu zake na plagi, akapaka grisi kidogo pembeni mwa chemba na kuibandika ile plastiki juu yake. Halafu akawa anaingiza mafuta ya taa kwa bomba kupitia lile tundu, akihesabu cc moja moja mpaka chemba ikajaa bila kubaki hata kitone cha hewa.

Hesabu yake si ngumu. Chukua injini ya cc 1,600 yenye silinda nne. Kila silinda ina cc 400. Ikiwa nafasi iliyobaki pistoni ikifika juu kabisa, pamoja na unene wa gasketi, ni cc 50, basi jumla ni 450, ukigawa kwa 50 unapata mgandamizo wa 9. Ikiwa nafasi hiyo ni cc 47, jumla ni 447, na ukigawa kwa 47 unapata 9.5. Tofauti ya cc 3, chini ya kijiko kimoja cha chai, imeubadilisha mgandamizo kwa nusu nzima.

Ikiwa kitabu cha kiwanda kinasema 9.5 na wewe umepima ukakuta 9, kiwanda chenyewe kimekupunja, na una haki ya kudai chako. Lakini lazima uangalie mipaka miwili kwa pamoja: ujazo usiwe mdogo kuliko ulioandikwa, na hedi isiwe nyembamba kuliko iliyoandikwa. Ikiwa uso wa chemba una eneo la sentimita 45 za mraba, kukata sehemu moja ya kumi ya milimita kunapunguza karibu nusu cc. Ukizijua namba hizo mbili unajua ukate kiasi gani, au kama usikate kabisa. Wao waligundua chemba zao nne zilitofautiana kwa zaidi ya cc moja. Walikata kidogo sana, wakalinganisha, wakasimama wakiwa bado wana akiba ya unene. "Hapa mjomba," aliniambia, "ningeweza kukata kidogo tena. Lakini vania yangu nayo inaweza kukosea." Nikaona kijana amekomaa.

Mizani, ringi, valvu na boliti

Yaliyofuata yalikuwa ya subira tu.

Walipima pistoni na konrodi kwa mizani ndogo ya umeme, kama ile ya sonara. Kwa nini gramu zina maana? Chukua tofauti ya gramu 5 kwenye kipande kinachozunguka umbali wa milimita 40 kutoka kati. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, gramu hizo 5 zinageuka kuwa nguvu ya kama kilo 8, inayovuta huku na huku mara 100 kila sekunde. Nguvu hiyo inatikisa beringi badala ya kusukuma gari. Kwa kuwa sheria za daraja lao hazikuruhusu kusaga pistoni, walichagua. Waliazima seti kadhaa, wakapima zote, wakatoa nne zilizokaribiana uzito. Kuchagua hakujakatazwa popote.

Ringi waliziingiza moja moja ndani ya silinda yake, wakazisukuma chini kwa pistoni ili zikae sawa, kisha wakapima pengo kwa fila geji. Pengo likiwa kubwa, moto unapenya kwenda chini. Likiwa dogo mno, ringi ikipata joto ncha zake hugongana na kuvunjika.

Valvu walizikalisha kwa dawa ya kusagia mpaka alama ya mkao ikawa mviringo safi usiokatika. Halafu wakamimina mafuta ya taa kwenye njia ya hewa na kuyaacha. Yasipopenya upande wa pili, valvu imekaa. Njia zenyewe za hewa hawakuzigusa hata kwa msasa, maana hilo ni haramu katika daraja lao, na wakaguzi wanalijua jicho kwa jicho.

Kemshafti waliipima kwa sahani ya nyuzi 360 waliyoitengeneza wenyewe: karatasi iliyochapishwa na kubandikwa kwenye ubao wa mviringo, ikafungwa mbele ya krenkishafti. Wakakuta mnyororo wa zamani ulilegea na kuchelewesha valvu kwa nyuzi chache. Hapakuhitajika ujanja. Mnyororo mpya wa kiwanda na meno mapya viliirudisha kemshafti mahali pake, na nguvu iliyopotea ikarudi kihalali.

Mwisho boliti. Mwenye gereji kwa miaka yote alikuwa akikaza kwa mkono na hisia. Mara hii waliazima torki renchi, wakafuata mpangilio wa kitabu, kutoka katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua. Boliti zikikazwa bila usawa, hata silinda iliyokuwa mviringo mzuri hupinda kidogo, na kazi yote ya ringi inaharibika. Mzee aliniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nimefunga injini miaka mingi. Hii ndiyo ya kwanza najua nimeikaza ngapi."

Hewa ya Nairobi na hewa ya Mombasa

Hapa niongeze jambo linalotuhusu sisi watu wa baharini moja kwa moja. Nairobi iko juu karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na injini isiyo na turbo hupoteza huko kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake, hata ikiwa mpya.

Kwa hivyo gari la kabureta lililosawazishwa Mombasa likipelekwa Nairobi litakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, kwani hewa imepungua na petroli imebaki ileile. Na injini iliyojengwa Nairobi kwenye ukingo wa juu wa mgandamizo inaweza kuvuta vizuri huko, ikishuka Mtwapa au Likoni ikaanza kunoki. Hewa nzito na joto la Pwani vinaongeza shinikizo ndani ya silinda, na petroli inawaka kabla ya wakati wake. Mwenye kununua injini kutoka Nairobi aulize imejengwa kwa vipimo gani. Injini haina kosa, imehama.

Walioshinda kwa maandalizi, na walioanguka kwa ujanja

Historia ya Safari inawapa moyo mafundi wa gereji ndogo. Mwaka 1965 Joginder Singh, Mkenya aliyekuwa fundi, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa gari la timu ya kiwanda lililokwisha kutumika. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell, kutoka Tanzania, walishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wetu wanalikumbuka kwa safari za familia. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya cc 660 hivi, wakati Vivio za wenzake zilikwama njiani. Mwaka uliofuata yeye na msomaji ramani wake Abdul Sidi wakamaliza wa 4 kwa Subaru Impreza ya Kundi N, mbele ya magari mengi yaliyokuwa na ruhusa kubwa zaidi.

Upande wa pili ni kisa cha 1995. Timu ya Toyota, ambayo magari yake yalikuwa yameshinda Safari mara kadhaa, ilikamatwa kwenye mbio za Catalunya nchini Hispania. Sheria ilitaka hewa yote ya turbo ipite kwenye kizuizi chenye tundu lisilozidi milimita 34. Wahandisi walitengeneza kifaa kilichopisha hewa pembeni ya kizuizi pale kilipofungwa kwenye gari, na kikifunguliwa kukaguliwa kilijirudi na kuonekana halali. Wakaguzi waling'amua. Timu na madereva wake walinyang'anywa pointi zote za mwaka ule, na timu ikafungiwa miezi 12.

Kampuni yenye wahandisi wa kila aina ilitumia akili nyingi kuliko za gereji zote za Kawangware zikijumlishwa, na ikaishia palepale alipoishia mpwa wangu aliyekata hedi bila kupima. Njia ya mwongo ni fupi.

Sisi Waislamu jambo la kipimo si geni kwetu. Kuna sura nzima, ya 83, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Tumezoea kuisikia ikisomwa tukafikiria mchele na vitambaa. Lakini fundi anayekuambia amebadilisha beringi na hajabadilisha, anayekaza boliti kwa kubahatisha na kukutoza kazi kamili, naye ameshika mizani.

Daftari

Kitu kilichobadilika zaidi pale gereji si injini. Ni daftari la shule la kurasa 96, limetundikwa kwa waya kwenye nguzo. Kila kipimo kimeandikwa mara tatu: kitabu kinasema ngapi, tumekuta ngapi, tumeacha ngapi. Mpwa wangu anapima, kijana wa Makina anapima tena bila kuangalia namba ya mwenzake, kisha wanalinganisha. Wakitofautiana wanarudia.

Ushauri wangu kwa vijana wetu wa huku: kabla ya kununua spana ya pili, nunua vania na fila geji, na uanze daftari. Na kwa sisi wenye magari, tukipeleka injini kufunguliwa tuombe namba. Fundi mzuri hatakasirika. Atafurahi kwamba kuna mtu anayethamini kazi asiyoiona.

Gari lao lilirudi kwenye mbio. Halikushinda, lilimaliza la tatu katika daraja lake. Wakaguzi walilichukua tena, na safari hii, kwa kisa cha mara ya kwanza, walifungua karibu kila kitu. Mpwa wangu aliwapa daftari lake. Mkaguzi mmoja alipima hedi mara mbili, akaangalia ukurasa, akaweka alama ya tiki kwa kalamu yake mwenyewe.

Jioni ile kijana alimpigia mamake kabla ya kunipigia mimi. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba hakumuuliza kikombe wala zawadi. Alimuuliza, "Wakaguzi wamesemaje?"

"Wamesema iko sawa, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akakata simu akaenda kuswali magharibi.